Msikibeze, wala Msikipambe: Majibu juu ya Kiwanja cha Ndege cha Bunia

Kutoka mtaa wa Lumumba hadi kiwanja cha ndege cha Bunia, hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, ni mwendo mfupi wa pikipiki, na labda ndiyo maana kila mtu hapa ana neno la kusema juu yake. Wako wanaokibeza, na wako wanaokisifu kupita kiasi, hasa wageni wa mashirika na ndugu zetu wanaorudi kutoka Kampala na Kinshasa wakiwa wamechoshwa na foleni. Nimeyasikia maneno yao dukani, kanisani na msibani. Mengi si kweli, mengine ni kweli nusu. Nayajibu moja moja, kwa kuwa mji usiojua thamani ya kiwanja chake hauwezi kudai haki yake juu yake.

“Kile si kiwanja, ni kichaka chenye lami”

Anayesema hivi huwa ametoka kutua N'djili ya Kinshasa au Entebbe ya Uganda. Ni kweli, njia yetu ya kurukia haifiki kilomita 2, na jengo la abiria halimstaajabishi mtu. Lakini ajiulize lami hiyo imefanya kazi gani.

Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo waliugombea mji huu nyumba kwa nyumba. Maelfu ya watu walikimbilia mahali pawili: makao ya MONUC, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, na kiwanja cha ndege. Walipiga maturubai pale, wakapika pale, wakazaa pale. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na Juni wakaanza kushuka wanajeshi walioongozwa na Ufaransa katika operesheni iliyoitwa Artemis. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Ulaya kupeleka jeshi nje ya bara lake. Ndege kubwa kabisa za mizigo hazikuweza kutua Bunia. Ziliishia Entebbe, na mizigo ikavushwa huku kwa ndege zinazotosheka na njia fupi. Mafundi wa jeshi walikuwa wakiziba mashimo ya lami huku ndege zikiendelea kutua. Wakati huo barabara zote za kutoka mjini zilikuwa mikononi mwa wenye silaha, kwa hiyo msaada haukuwa na njia nyingine ya kuingilia.

Kisha ikaja Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 uliigusa Kivu Kaskazini na Ituri pamoja. Chanjo yake ilihitaji kuhifadhiwa kwenye baridi kali, kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Dawa ya namna hiyo huwezi kuiacha juu ya lori lililokwama kwenye matope siku tatu. Ilisafiri kwa ndege, na ndege zilitua kwenye viwanja kama hiki na cha Beni.

Na viko vidogo kuliko chetu. Nyankunde, hospitali iliyokuwa ikitibu watu wa sehemu kubwa ya mashariki, ilishambuliwa Septemba 2002 na watu wengi wakauawa. Marubani wa kimisheni wa MAF waliokuwa na kituo pale walihama, na leo ndege zao za Cessna Caravan zinaruka kutoka Bunia kwenda kwenye viwanja vya udongo na majani. Muuguzi wa Boga hawezi kukiita kiwanja cha Bunia kichaka. Kwake ni kituo kikuu.

Kama bado mtu anadhani kiwanja kidogo ni dalili ya kubaki nyuma, atazame Wilson, Nairobi. Jiji lina Jomo Kenyatta, lakini madaktari warukao wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, wamefanya Wilson kuwa nyumba yao, na Wakenya hawaoni haya kwa hilo.

“Ndege ndogo ni jeneza”

Neno hili silijibu kwa haraka, kwa sababu linatoka kwa watu waliozika. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege aina ya Dornier 228 iliyokuwa ikienda Beni iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, Goma, mara tu baada ya kuruka. Zaidi ya watu 20 walikufa, wa ndani ya ndege na wa chini. Baada ya ajali kama hiyo, mtu akiapa hapandi tena siwezi kumcheka.

Lakini kosa la hoja hii ni kuweka lawama kwenye udogo. Hebu tuitazame historia yetu ya ajali kwa macho makavu. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege iliyoshindwa kuruka Goma ikapitiliza na kuingia kwenye nyumba na maduka ya Birere ilikuwa DC-9, jeti ya abiria wengi. Njia ya Goma ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu Januari 2002, na jeti kubwa huhitaji nafasi ndefu kuliko ndege ndogo. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa ilianguka N'djili, kiwanja kikubwa kuliko vyote nchini, ikijaribu kutua katika dhoruba. Kati ya watu 33 alipona mmoja. Na Januari 1996, Kinshasa, Antonov 32 iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka N'dolo, ikaingia katikati ya soko na kuua mamia ya watu.

Ukizipanga ajali hizi pamoja, unaona mambo yanayojirudia: mzigo uliozidi, mvua iliyodharauliwa, njia isiyolingana na ndege, matengenezo yasiyofanywa, na wakaguzi wanaofumba macho. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeziweka kampuni za ndege za Kongo kwenye orodha yake ya marufuku, na sababu iliyotolewa ni udhaifu wa usimamizi. Marufuku hiyo haiangalii idadi ya viti.

Ndege ndogo ina udhaifu wake wa kweli, na huo ndio tuujue. Caravan haina mfumo wa kushikilia hewa ndani kama jeti, kwa hiyo haiwezi kupanda juu sana na kuivuka dhoruba. Inabidi izunguke au irudi. Hapa kwetu mawingu ya mvua hujikusanya alasiri kwenye ukingo wa milima juu ya Ziwa Albert. Ndiyo maana rubani mzuri hupenda asubuhi, na ndiyo maana rubani anayesema “leo hatuendi” anastahili heshima yetu, hata kama harusi inatungoja Beni. Abiria wanaomzomea rubani huyo wanamsukuma kuelekea ajali ambayo kesho watailaani.

Upande wa pili, ndege ndogo ya injini za mapanga huruka na kutua kwenye njia fupi, na inagusa ardhi kwa mwendo mdogo kuliko jeti. Kwenye lami ya Bunia, ndege iliyotengenezwa kwa viwanja vya namna hii inanipa amani kuliko kubwa inayotumia njia yote mpaka mwisho.

“Kumpima abiria uzito ni kumdharau”

Nimeshuhudia jambo hili zaidi ya mara moja. Mama mfanyabiashara anafika na mfuko wa samaki mkavu wa Tchomia. Kijana wa kampuni anamwambia, “Mama, panda hapa pamoja na mkoba wako wa mkononi.” Mama anawatazama watu waliopanga mstari nyuma yake. “Mtoto wangu, mimi nimekuwa gunia?” Anapanda hata hivyo, shingo imesimama, na mshale wa mizani unapita mahali ambapo hakutaka mtu apaone. Kijana anaandika namba kwenye karatasi bila kuisema kwa sauti. Hivyo ndivyo inavyopaswa kufanywa, kimya kimya, na nasikitika kwamba si wote wenye adabu ya kijana yule.

Ila kupimwa kwenyewe si dharau. Bunia iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,230. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Mchana wa nyuzi 30, ndege hufanya kazi kana kwamba kiwanja kiko juu ya mita 2,000. Mabawa hupata nguvu kidogo, injini hupata pumzi kidogo, na mita zinazohitajika kabla ya kupaa huongezeka. Uzito wote wa Caravan kubwa wakati wa kuruka, pamoja na mafuta, watu na mizigo, hautakiwi kuzidi tani 4 hivi. Ukikisia kwamba kila mmoja wa abiria kumi ana kilo 70, kumbe wana 85, umekwisha kuongeza kilo 150 ambazo hakuna aliyeziandika. Ndani ya jeti yenye viti 180 kosa hilo linamezwa. Kwenye ndege ya watu kumi ni sawa na kupakia abiria wawili wa siri.

Mahali unapokaa ni muhimu vilevile. Agosti 2010, ndege aina ya L-410 ilianguka karibu na Bandundu, na kati ya watu 21 alibaki mmoja. Aliyenusurika alisimulia kwamba mamba aliyefichwa kwenye mfuko wa abiria alitoroka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani. Kwa hiyo unapoambiwa “Yaya, hama ukae nyuma,” usidhani kiti chako amepewa mkubwa fulani. Rubani anapanga uzito.

Na wanaodhani haya wanatendewa Waafrika tu wajue kwamba mwaka 2023 Air New Zealand iliwapima abiria wa safari za nje ili kupata wastani sahihi, na mwaka uliofuata Finnair ikafanya hivyo Helsinki kwa abiria waliojitolea. Ninachoogopa mimi ni kiwanja ambacho mizani ipo, lakini anayejuana na mtu anapitisha mifuko yake pembeni.

“Ndege ni ya matajiri, pesa hizo ziende barabarani”

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na nusu yake naikubali bila ubishi. Tiketi ni ghali, mno. Wengi wa majirani zangu hawajawahi kupanda ndege na huenda wasipande. Barabara ya Komanda kwenda Beni, na ile ya Djugu kwenda Mahagi, zingepitika kwa amani, zingewafaa watu wengi kuliko ndege zote zinazotua hapa. Yeyote anayedai barabara, mimi niko upande wake.

Ila shida ya barabara zetu si matope peke yake. Septemba 2021, kwenye barabara ya taifa namba 4 kati ya Komanda na Luna, waasi wa ADF walishambulia msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa na wanajeshi. Watu waliuawa, wengine walitekwa, magari yakateketea. Upande wa Djugu, wanamgambo wa CODECO wameua wasafiri na kuwatoza kwa nguvu kwenye vizuizi vyao. Lami peke yake isingezuia lolote kati ya hayo. Kutoka hapa hadi Beni kwa ndege ni umbali wa kilomita 140 hivi, chini ya saa moja. Mtu anayelipa fedha asizokuwa nazo ili avuke kipande hicho angani huwa hanunui starehe. Analipia uhai.

Na huyo mtu ni nani? Nendeni mkatazame. Utamkuta mgonjwa ambaye ukoo mzima umechangishana kumpeleka hospitali. Utamkuta mwalimu, muuguzi, mwanafunzi aliyepata nafasi Kisangani, mama anayekwenda kuzika. Matajiri wapo pia, ila si wao wanaokijaza chumba cha kungojea. Tena Kinshasa iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 1,700 kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara moja ya kuaminika inayofika huko kutoka Bunia. Mkazi wa Ituri anayeitwa na mahakama kuu au wizara ya taifa lake anafikaje?

Kuna jambo wanalolisahau wanaotaka tuchague moja. Mafuta ya ndege hayashuki kutoka mbinguni. Huku mashariki yanaletwa kwa malori kutoka upande wa Uganda, baada ya safari ndefu kutoka bandari ya Mombasa. Barabara inapofungwa na wenye silaha, au lori linapolipishwa kwenye kila kizuizi, gharama hiyo inaishia kwenye tiketi yako. Adui wa barabara ndiye huyo huyo adui wa kiwanja. Anayevishindanisha viwili hivi anampunguzia adui huyo kazi.

“Kwenye kiwanja kidogo ni raha tupu, hakuna usumbufu”

Sasa wanaokipamba. Raha ipo, wala sitaikana. Unatoka nyumbani ukiwa umekunywa chai kwa utulivu. Hakuna kilomita za kutembea na mzigo, wala milango yenye namba za kutafuta. Rubani mwenyewe anafunga mlango, anageuka, anakuambia wapi kutakuwa na mtikisiko. Ukielekea Entebbe unaona ardhi ikikatika ghafla ukingoni, kisha Ziwa Albert lote chini yako, na mitumbwi ya wavuvi. Ukielekea Beni asubuhi isiyo na mawingu unaona msitu ukianza, Semliki ukipindapinda, na Ruwenzori imesimama mbele upande wa kushoto. Anayepita juu kwenye jeti haoni hata robo ya hayo.

Lakini “hakuna usumbufu” ni neno la mtu anayesafiri kwa tiketi ya shirika, mwenye mtu wa kumpigia simu. Kwetu sisi wengine usumbufu wa kiwanja kidogo ni kukosa njia ya pili. Ndege ikifutwa Nairobi, kuna nyingine jioni. Ikifutwa hapa, unarudi nyumbani, na huenda ukakaa siku kadhaa. Nimewahi kungoja pale tangu asubuhi pamoja na familia iliyokuwa na mgonjwa kwenye machela. Saa zilipita, jua likahama, na hakuna mfanyakazi hata mmoja wa kampuni ile aliyetuambia lolote. Mwishowe mlinzi wa mlangoni alituonea huruma, akasema ndege haikutoka kabisa ilikokuwa. Kuambiwa mapema kusingeigharimu kampuni ile chochote.

Lipo na jambo zito zaidi, nalo sisi wa mtaa wenye jina la Lumumba tunapaswa kulijua. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitolewa kwenye kambi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Hawakupitishwa N'djili, ambako askari wa Umoja wa Mataifa walikuwepo. Walipelekwa kwenye kiwanja kidogo cha Lukala, wakapakiwa kwenye ndege ndogo hadi Moanda pwani, na pale wakahamishiwa DC-4 iliyowafikisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Usiku uleule waliuawa. Ule utulivu wa kiwanja kidogo ambao mgeni anausifu ndio huohuo uliowasaidia wauaji: hapakuwa na mashahidi wa kutosha, wala mtu wa kuuliza wale waliofungwa kamba ni akina nani. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Katika jimbo la namna hiyo, nataka kiwanja chenye watu, chenye waandishi wa habari wanaoruhusiwa kusimama na kuandika nani ameingia, nani ametoka, na nini kimepakiwa. Tuko kwenye nchi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Tunajua ni nini huweza kuondoka kimya.

“Tujengewe kikubwa cha kimataifa, shida zitaisha”

Goma kilikuwa kikubwa, na cha kimataifa. Lava ya 2002 ilifunika karibu theluthi moja ya njia yake, na mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, kikafungwa. Majuma machache baadaye Kavumu cha Bukavu nacho kikaanguka mikononi mwao. Sisemi Bunia isipanuliwe. Njia ikirefushwa nitafurahi, na wakulima wa kahawa watafurahi kuliko mimi. Nasema tu kwamba jengo la vioo halizuii yale yanayotuumiza leo, na mengi kati ya hayo yanatibika kwa fedha ndogo: mizani inayopimwa usahihi wake na isiyo na mlango wa pembeni, mtu wa hali ya hewa mwenye vifaa vya kazi, ubao unaoandikwa ndege ipi inakuja na ipi imefutwa, kivuli na choo kwa anayengoja na mgonjwa.

Na fedha zenyewe tumekuwa tukizitoa. Go-pass, ada anayolipa kila abiria, ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya kuendeleza viwanja vya ndege, dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya nje wakati huo, na mikononi mwa RVA, mamlaka ya viwanja vya ndege. Kila abiria wa Bunia ameshika karatasi ile mkononi, akaikabidhi mlangoni, akapita. Hesabu ya kile kilichokusanywa hapa na kile kilichotumika hapa ibandikwe ukutani, palepale mlangoni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.